Machapisho ya Serikali katika Katalogi za Maktaba: Kiswahili Kimefichwa Wapi?

Ibara ya 142 ya Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaiwajibisha Serikali kusambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika muda wa siku sitini tangu sheria hiyo itangazwe rasmi na Rais. Lugha hizo zimetajwa katika ibara ya kwanza: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kwa mwanasheria, hilo ni suala la utawala. Kwa idara inayofundisha Kiswahili, ni suala la maandiko. Ikiwa agizo hilo limetekelezwa hata kwa nusu, basi ipo nathari ya Kiswahili cha serikali, iliyoandikwa hapa nchini, ambayo hatujaisoma wala kuihakiki. Ikiwa halikutekelezwa, yafaa tuweze kusema hivyo kwa ushahidi, wala si kwa kunung'unika. Vyovyote iwavyo, uchunguzi unaanzia mahali pamoja, napo ni kwenye katalogi ya maktaba.

Sisi wahakiki hatujazoea kuitazama katalogi kama kitu cha kuhakikiwa. Tunaichukua kama mlango: tunaupita na kuusahau. Lakini kila kadi ya katalogi (tutaendelea kuiita kadi, hata pale ambapo siku hizi ni mistari ndani ya kompyuta) ni matokeo ya usomaji. Mkutubi ameshika chapisho mkononi, akaamua ni nani anayesema ndani yake, anaitwaje, anasema kwa lugha gani, na anasema juu ya nini. Usomaji huo unaweza kuwa mzuri au mbaya kama usomaji mwingine wowote. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba, kuhusu machapisho ya serikali yaliyotolewa kwa Kiswahili nchini Congo, usomaji huo mara nyingi umekuwa mbaya, na kwamba kosa halimo katika kanuni za ukutubi kwa jumla, bali katika namna kanuni hizo zinavyoachwa nusu zinapokutana na lugha yetu.

Tuanze na swali la nani anayesema. Riwaya ina mwandishi, na jina lake halibadiliki kila baada ya uchaguzi. Chapisho la serikali halina mtu wa namna hiyo. Kanuni zilizokubaliwa katika mkutano wa Paris wa 1961, na baadaye zile za Kiingereza na Kimarekani zilizotolewa mara ya pili mwaka 1978, ziliruhusu chombo cha serikali kuhesabiwa kama mwandishi. Sheria inaandikwa chini ya jina la nchi, na ripoti ya wizara chini ya jina la nchi likifuatiwa na jina la wizara. Kanuni mpya zilizochapishwa mwaka 2010 zimebadilisha maneno mengi, lakini msingi huo haukuondolewa. Kwa hiyo anayetafuta kwa jina la mwandishi sharti ajue kwanza nchi iliitwaje siku chapisho lilipotoka.

Kwa nchi nyingi hili ni jambo dogo, ila kwa nchi yetu ni msitu. Dola Huru ya Congo ya 1885 iligeuka Congo ya Wabelgiji mwaka 1908. Tangu 1960 hadi 1964 palikuwa na Jamhuri mbili zenye jina moja, moja kila upande wa mto, ikabidi wakutubi wazitenganishe kwa majina ya miji mikuu, Léopoldville na Brazzaville. Mwaka 1964 yetu ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Tarehe 27 Oktoba 1971 ikawa Zaire. Mei 1997 ikarudia jina la 1964. Mtafiti anayeandika jina la leo katika nafasi ya mwandishi ataletewa machapisho ya kabla ya Oktoba 1971 na ya baada ya Mei 1997, yamechanganywa pamoja kana kwamba ni ya utawala mmoja, na katikati patabaki shimo la miaka ishirini na mitano na ushei. Ataona orodha ndefu, ataridhika, wala hatajua kwamba karibu utawala wote wa Mobutu haumo.

Jambo linalozidi kutatanisha ni kwamba maktaba zinazofuata desturi ya Maktaba ya Bunge la Marekani hutumia kanuni moja kwa mwandishi na nyingine kwa mada. Mwandishi anabaki na jina alilokuwa nalo siku ya kuchapisha. Mada inachukua jina la mwisho tu. Hivyo ripoti ya 1975 juu ya shule itakuwa na mwandishi Zaire na mada Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, juu ya kadi ile ile. Kanuni hiyo ina mantiki yake, nasi hatuikatai. Ila mwanafunzi ambaye hakuambiwa habari hiyo atapata nusu ya vitu kwa njia moja na nusu nyingine kwa njia ya pili, naye atadhani kila nusu ni kitu kizima.

Mfano wenye uzito zaidi ni sheria ya ardhi. Sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo baadhi ya vifungu vyake vilibadilishwa na sheria nambari 80-008 ya tarehe 18 Julai 1980, imeendelea miaka mingi baada ya 1997 kuwa ndiyo inayoamua nani anaweza kusema shamba hili ni langu. Sheria hiyo iliishi kuliko dola iliyoitunga. Katika katalogi, hata hivyo, mwandishi wake ni Zaire. Mkulima anayegombea mpaka wa shamba hatakwenda kutafuta katika katalogi, hilo twalijua. Lakini mwalimu wake, au wakili, au mtangazaji wa redio anayetaka kumsomea sheria hiyo kwa lugha anayoielewa, huyo atakwenda, naye ataanza kwa jina la nchi anamoishi.

Majina ya chini ya nchi nayo yana hila zao. Mkoa wetu uliitwa Katanga, ukaitwa kwa jina la mji wake mkuu, Élisabethville, kati ya 1933 na 1947, ukarudi kuwa Katanga, ukajitenga mwezi Julai 1960 na kuwa na gazeti rasmi lake lenyewe, Moniteur Katangais, ukagawanyika baada ya kurudishwa mwaka 1963, ukaunganishwa, ukaitwa Shaba, ukawa Katanga tena mwaka 1997, na mwaka 2015 ukagawanywa kuwa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Lualaba ya miaka ya sitini si Lualaba ya 2015, ijapokuwa mto ni ule ule. Wizara hazina utulivu zaidi. Zama za Zaire hazikuitwa wizara bali département, na aliyeziongoza aliitwa commissaire d'État. Wizara inayoshughulikia shule za msingi na sekondari imebadilisha jina mara nyingi, na mara ya karibuni, mwaka 2024, iliitwa ya elimu ya taifa na uraia mpya. Anayetafuta mitaala ya Kiswahili ya shule za msingi kwa jina moja tu la wizara anatafuta kazi ya serikali moja tu.

Lakini si kila kilichoandikwa na serikali juu ya Congo kimewekwa chini ya Congo. Ripoti ya kila mwaka juu ya uongozi wa koloni, iliyokuwa ikipelekwa mbele ya Mabaraza ya kutunga sheria huko Brussels, imewekwa chini ya Ubelgiji, Wizara ya Makoloni. Ni sawa kabisa, kwani aliyesema ndani yake ni Waziri wa Ubelgiji akiwaambia wabunge wa Ubelgiji. Hapa katalogi ni msomaji hodari kuliko sisi: inatukumbusha kwamba ripoti hiyo haikuandikwa kwa ajili ya Wakongomani. Tungetamani katalogi ziwe na uangalifu huo kila mahali.

Gazeti rasmi linatupa somo jingine. Mkataba wa koloni wa 1908 uliagiza, katika ibara ya 3, kwamba amri na kanuni zenye kuwahusu watu wote ziandikwe na kutangazwa kwa Kifaransa na kwa Kiflamanki. Ndiyo sababu Bulletin officiel ya koloni ina majina mawili kwenye jalada na safu mbili ndani yake. Baada ya hapo likaja Moniteur Congolais, na baadaye Journal Officiel. Kwa katalogi, kila jina jipya ni gazeti jipya lenye kadi mpya, na kadi zimefungwa moja kwa nyingine kwa maneno madogo ya «liliendelezwa na» au «ni mwendelezo wa», maneno ambayo wachache huyasoma. Gazeti lenyewe halikubali mkato huo. Toleo maalumu la tarehe 18 Februari 2006, ambamo Katiba ilitangazwa, limeandikwa kuwa ni la mwaka wa 47. Toleo maalumu la tarehe 5 Februari 2011, lililochapisha upya Katiba hiyo baada ya marekebisho ya Januari mwaka huo, ni la mwaka wa 52. Ukihesabu kurudi nyuma, mwaka wa kwanza ni 1960. Yaani gazeti linajihesabu kuwa moja tangu uhuru, chini ya majina yote ya nchi, na aliyebadilisha jina la mito, miji na watu hakuthubutu kubadilisha hesabu hiyo. Mtafiti anayejua neno hili atatafuta kwa mwaka wa gazeti, si kwa jina lake, naye atavuka salama.

Sasa tuingie katika lugha, kwa kuwa ndipo penye kidonda.

Katika kadi za kompyuta, lugha ya kila chapisho huandikwa kwa herufi tatu. Kiswahili ni «swa». Alama hiyo haitofautishi Kiswahili cha Unguja na kile cha Lubumbashi, Bukavu au Kisangani. Orodha nyingine ya kimataifa, iliyokamilishwa mwaka 2007 na kutumiwa zaidi na wanaisimu, inatoa «swh» kwa Kiswahili cha pwani na «swc» kwa Kiswahili cha Congo, lakini katalogi za maktaba kwa kawaida zimebaki na ile ya kwanza. Wapo wenzetu wanaodai «swc» itumiwe mara moja. Sisi tunasita. Mkutubi aliyeko Brussels au Chicago atajuaje kama kijitabu cha tume ya uchaguzi kimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, kwa Kiswahili cha mjini, au kwa ule mchanganyiko unaotokea mfasiri anapoijua lugha ya nyumbani na kamusi ya Dar es Salaam imo mezani pake? Hilo ni jambo la kuchunguzwa na wanaisimu baada ya kulisoma chapisho, wala si la kuamuliwa kwa herufi tatu kabla ya kulisoma.

Hata hivyo, alama moja kwa wote ina gharama yake. Anayetafuta machapisho ya serikali yenye alama «swa» katika hifadhidata kubwa ataletewa kwanza Tanzania. Si ajabu: serikali ya Tanzania imeandika kwa Kiswahili kwa miaka mingi, majina ya wizara zake yenyewe ni ya Kiswahili na yanaweza kuingia katalogi hivyo hivyo, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa huko ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Mwanafunzi wetu anaona wingi huo, anakata kauli kwamba Kiswahili cha serikali ndicho hicho, kisha anaandika tasnifu juu ya lugha ya utawala kwa mifano ya Dodoma. Tasnifu yaweza kuwa nzuri. Lakini tasnifu kumi za namna hiyo zikifuatana, idara itakuwa imethibitisha bila kukusudia kwamba serikali ya Congo haijawahi kusema Kiswahili.

Njia ya kujikinga ipo, nayo ni kuunganisha alama ya lugha na alama ya nchi ya uchapaji. Hapa tena pana mtego. Katika katalogi za maktaba zenye asili ya Marekani, alama ya Congo ya Kinshasa ni «cg» na ya Congo ya Brazzaville ni «cf». Katika orodha ya kimataifa itumiwayo na posta, mabenki na kompyuta nyingi, «CG» ni Brazzaville, na Kinshasa ni «CD». Herufi zile zile mbili zinavuka mto kutegemea nani anazisoma. Tena alama hiyo inaonyesha mahali pa uchapaji tu. Kijitabu kilichotafsiriwa Bukavu na kupigwa chapa Nairobi ni cha Kenya machoni pa kompyuta.

Vijitabu vilivyochapwa kwa lugha mbili vina hatari zaidi. Nafasi kuu ya alama ya lugha ni moja. Kifaransa kikitangulia ukurasa wa kwanza, Kifaransa ndicho kinachoandikwa. Ipo nafasi ya pili kwa ajili ya lugha nyingine, lakini mwenye haraka huiruka. Basi Kiswahili kimo ndani ya kitabu, kimo kwenye rafu, ila katika katalogi hakimo.

Tuseme mtafiti ameacha alama akaamua kutafuta kwa maneno ya anwani. Hifadhidata nyingi zinampa alama ya nyota ya kukatia neno: ukiandika mwanzo wa neno kisha nyota, mashine inaleta miisho yote. Kwa Kifaransa chombo hiki ni bora. Andika «enfan» na nyota, utaletewa enfant, enfants, enfance. Kwa Kiswahili chombo hicho kimeshikwa kinyume. Maneno yetu hubadilika mbele, si nyuma. Mtoto, watoto, mutoto, batoto, utoto: shina liko mwishoni, na mashine inataka mwanzo. Katalogi chache sana zinakubali nyota itangulie neno. Anayetafuta tafsiri ya sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto anapaswa kuandika kila umbo peke yake, pamoja na maumbo ambayo mwalimu wa sarufi angeyakata kwa wino mwekundu. Neno «sheria» lenyewe lina bahati kwa kuwa umoja na wingi wake ni sawa. Lakini tafuta mfanyakazi, mpiga kura au mwananchi, nawe utaona.

Tahajia nazo haziko mbali. Serikali na serkali, Jamhuri na Jamuhuri, Kongo na Congo, nchi na inchi. Katika jambo la ardhi, mfasiri mmoja ataandika ardhi, mwingine udongo, na mwingine atakayependa kueleweka sokoni Lubumbashi ataandika bulongo. Jina la lugha yenyewe limeandikwa Kiswahili, Swahili, Souahili, Kingwana. Kwa mhakiki, tofauti hizo ndizo hasa mali ya uchunguzi: kila moja inaeleza mfasiri alimwona nani mbele yake alipokuwa akiandika. Kwa mashine, ni maneno yasiyo na undugu wowote. Mkutubi anayesahihisha tahajia ya anwani ili ifuate kamusi anaharibu mara mbili, kwa maana anafuta ushahidi, na mwenye kijitabu mkononi hatakiona tena katika katalogi.

Baada ya lawama zote hizi, haki itendeke. Kanuni za 1978 zilikuwa na dawa. Ziliruhusu sheria, katiba na mikataba zipewe anwani moja ya kudumu, na tafsiri iwekwe chini ya anwani hiyo hiyo kwa kuongeza jina la lugha: jina la nchi, neno Katiba, mwaka 2006, kisha Kiswahili. Kanuni za 2010 zimeihifadhi njia hiyo kwa maneno mengine. Mahali inapofuatwa, msomaji anaona Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, moja chini ya nyingine, na pengo linaonekana mara moja kama jino lililong'oka. Hapo ndipo swali la ibara ya 142 lingejibika kwa dakika moja. Tatizo ni kwamba anwani hiyo huandaliwa kwa vitabu vinene vyenye jalada, na tafsiri za Kiswahili kwa kawaida ni karatasi za kurasa ishirini, zilizotolewa kwa msaada wa shirika la kigeni. Kadi inaandikwa chini ya shirika lililolipa. Sheria inatoweka, serikali inatoweka, anabaki mfadhili. Yaani katalogi imejibu swali la nani anayesema kwa kutaja nani aliyelipa mchapaji.

Juu ya hifadhidata za utafiti hatutasema mengi, kwa sababu nyingi kati yake zimejengwa kwa makala za majarida ya wataalamu, na chapisho la serikali humo ni mgeni. Ile inayounganisha katalogi za maktaba za dunia, WorldCat, inarithi mema na maovu ya kadi ilizopewa: tukiona chapisho moja lina kadi nne zinazopishana, si mashine iliyokosea, ni wakutubi wanne waliosoma kwa namna nne. HathiTrust, iliyoanzishwa mwaka 2008 na vyuo vikuu vya Marekani, ina faida kubwa kwetu, maana inatafuta ndani ya kurasa zenyewe. Hata pale ambapo kitabu kimefungwa kwa sababu ya haki za uchapaji, itakuambia neno lako limo ukurasa gani na mara ngapi. Msomaji aliye nje ya Marekani hufunguliwa vitabu vichache kuliko aliye ndani, jambo la kuudhi kwa machapisho yaliyotoka kwetu. Lakini nambari ya ukurasa peke yake ni silaha: kwayo unaweza kumwomba mkutubi wa mbali akupatie ukurasa huo, badala ya kumwomba «chochote juu ya Kiswahili».

Tunashauri pia wanafunzi wasizidharau bibliografia za karatasi. Théodore Heyse alikusanya kwa miaka mingi maandiko juu ya Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Marcel Walraet alitoa bibliografia ya Katanga katika sehemu tatu kati ya 1954 na 1960. Marcel van Spaandonck alitoa mwaka 1965 bibliografia ya Kiswahili inayoanzia 1850. Watu hawa walikuwa na mitazamo ya wakati wao, na hatuna haja ya kuifunika. Lakini walisoma walichokiorodhesha, hawakukiokota kwa mashine. Johannes Fabian, alipochunguza katika kitabu chake cha 1986 jinsi utawala wa kikoloni ulivyokitwaa Kiswahili kati ya 1880 na 1938, alifanya kazi kubwa kwa kusoma miongozo midogo ya mazungumzo na orodha za maneno, vitu ambavyo maktaba nyingi zingeviona takataka. Vilipatikana kwa sababu mtu fulani aliona vinastahili kadi. Na kwa nyaraka zilizoko Ubelgiji, mwongozo mkubwa wa vyanzo vya historia ya ukoloni wa Congo, Rwanda na Burundi uliotolewa mwaka 2021 umerahisisha njia kuliko katalogi yoyote tuijuayo, maana unaeleza kila ofisi ilikuwa na kazi gani kabla ya kueleza karatasi zake.

Nyumbani, sheria nambari 74-003 ya tarehe 2 Januari 1974 inaagiza machapisho yote yawekwe nakala kwa lazima. Ni sheria nzuri, na ingetekelezwa kwa vijitabu vya Kiswahili kama kwa vitabu vya Kifaransa, sehemu ya malalamiko haya isingekuwapo. Lakini idara ya Kiswahili haina haja ya kungoja. Vijitabu hivi vimo katika nyumba za walimu, ofisi za parokia, redio za mitaa, vituo vya afya. Kila mwanafunzi anayetoka likizo angeweza kurudi na kimoja. Kinachotakiwa ni kadi iliyoandikwa na mtu anayejua Kiswahili: anwani kama ilivyochapwa, pamoja na makosa yake, jina la serikali au wizara kama lilivyoandikwa kwenye jalada, na jina lake la Kifaransa, mfasiri, kama ametajwa, shirika lililolipa, katika nafasi ya aliyelipa na si ya mwandishi, lugha zote zilizomo, hata iliyo na ukurasa mmoja.

Na zaidi ya yote, nambari ya sheria. Nambari ndiyo sehemu pekee ya chapisho la serikali ambayo haitafsiriwi. Ni ile ile kwa Kifaransa, kwa Kilingala, kwa Kiswahili cha kamusi na kwa Kiswahili cha soko. Haikubadilika Zaire ilipokoma kuwa Zaire. Mtafiti anayejua nambari na tarehe anaweza kuyaruka karibu majina yote tuliyoyataja. Iandikwe, basi, kwa kila namna watu wanavyoiandika, kwa kistari na kwa mkwaju, 73-021 na 73/021, kwa kuwa katalogi nyingi huzihesabu hizo kuwa nambari mbili.